Hisa za Yonathani

Walikuja Jumanne asubuhi, watu watatu na bahasha moja ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Mzee aliyetangulia alijitambulisha kuwa Barnaba Simwanza wa Msangano. Mwanamke aliyemfuata, mwenye kitenge cha Zambia na uso wa kucheka, alikuwa dada yake, Anastazia, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wa tatu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa koti la kijivu lililompita mabega.

"Shikamoo baba. Karibuni mkae."

"Marahaba, binti. Tumesikia wewe unaingiza kampuni kwenye mtandao bila kelele."

"Najaribu."

Duka langu ni la steshenari, chumba kimoja hapa Tunduma, kando ya barabara ya Sumbawanga. Nina kompyuta mbili, printa na skana. Sikusomea kazi hii. Kampuni ya kwanza niliyoihuisha, yaani kuitoa kwenye makaratasi na kuiingiza mtandaoni, ilinichukua siku kumi na tisa, na kila kosa nililofanya nililiandika kwenye kaunta buku. Sasa niko kwenye kaunta buku la tatu. Mteja akishakaa nalifungua, nafuata hatua moja moja, hata zile nilizozikariri.

Barnaba akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha mwaka 2011 na katiba ya kampuni. Ilikuwa kampuni ya kusaga na kufungasha unga wa mahindi, na hisa zilikuwa sawa kwa sawa: Barnaba, mdogo wake Yonathani, na Anastazia. Enzi hizo wakili wa Mbeya alipeleka karatasi Dar es Salaam kwa basi, cheti kikarudi, kikawekwa sandukuni. Sasa shule za bweni zilikuwa zinatafuta wa kuzipelekea unga, na maombi ni ya mtandaoni. Mfumo wa zabuni husoma taarifa za kampuni kutoka BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Kampuni ambayo bado iko kwenye makaratasi haionekani.

"Mwisho wa maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo," Barnaba akasema. "Tumeshasimika kinu cha pili. Tukikosa hizi shule, kitalala tu, tutaendelea kusaga debe moja moja la akina mama."

"Haikawii, baba, kama wanahisa wote wana namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa."

"Tupo wote hapa. Mimi, Anastazia, na huyu Yonathani."

Nikaingiza namba ya Barnaba. Jina lake likaja, na tarehe yake ya kuzaliwa. Nikaingiza ya Anastazia, naye akaja. Nikaingiza ya tatu. Skrini ikaandika: Lusubilo Dennis Simwanza, 1995.

Nilimtazama mwenye koti, kisha nikafunua ukurasa wa mwisho wa katiba. Sahihi ya Yonathani ilikuwa pale, mwandiko wa kulala, wa mtu mzima. Mwaka ule huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa na miaka kumi na sita.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye Yonathani?"

"Ndiyo mimi," akajibu bila kusita.

"Na Lusubilo?"

"Ni mimi pia. Hilo ni la kuzaliwa."

Anastazia akacheka. "Mwe bantu, jamani, mwelezeni mtoto wa watu. Ataita polisi."

Barnaba akaeleza. Yonathani alifariki miaka minne iliyopita. Katika ukoo wao jina la mtu mzima haliendi naye kaburini. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa ukamchagua Lusubilo, mtoto wa ndugu yao Dennis. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakampa koti la marehemu, jembe lake na Biblia yake. Mke hakurithiwa; mchungaji alikuwepo, na hilo walikubaliana tangu mwanzo. Alirithi jina na mzigo wake. Tangu siku hiyo ndiye Yonathani, na watoto wa marehemu humwita baba.

"Hata Erica, yule nesi wa Vwawa," Anastazia akaongeza. "Walikaa dawati moja shule ya msingi. Leo anamwamkia shikamoo."

"Ananiamkia akiwa na shida tu," Lusubilo akasema.

Mimi ni mtu wa Isongole. Kwetu hatufanyi hivyo hasa, lakini sikuona cha kushangaa. Tatizo lilikuwa kwenye skrini.

"Basi futa hapo, uandike Yonathani," Barnaba akasema.

"Sehemu hiyo haiandikiki, baba. Jina linakuja lenyewe."

Akatia mkono mfukoni, akaweka kitambulisho kingine mezani. Picha ilikuwa ya mwanamume mwenye mvi na koti lile lile la kijivu. "Kuna kijana pale stendi amesema hii bado inafanya kazi. Nikaona nije kwako kwanza."

Nikaingiza namba hiyo. Yonathani akaja, jina kamili na tarehe yake. Hakuna aliyekuwa ameandikisha kifo chake. Kwenye mfumo alikuwa hai, na kwenye ukoo wake alikuwa hai. Fomu ingetoka, Lusubilo angeweka sahihi, ningeiskani na kuipakia, na kampuni ingeonekana kabla ya Ijumaa. Sikuwaona kuwa wezi. Walikuwa wanasema kwangu kile wanachosema kila Jumapili mlangoni pa kanisa, kwamba huyu ni Yonathani.

Nikakirudisha kitambulisho upande wake wa meza.

"Baba, naomba niulize. Mkipata hizo shule, benki ikimwita Yonathani aweke dole gumba, ataweka nani?"

"Huyu."

"Dole lake litasema Lusubilo. Na hapo hawatauliza habari za mkeka. Watauliza nani alijaza fomu na nani alitia sahihi. Mimi na yeye."

Lusubilo akatazama mikono yake. Barnaba akakusanya karatasi polepole, akafunga uzi wa katani mara mbili.

"Umesema vizuri, binti. Lakini mimi sikuja mjini kumzika ndugu yangu mara ya pili."

Wakaondoka.

Alhamisi Lusubilo alirudi peke yake. Hakuwa na koti.

"Umeliacha wapi?" nikamwuliza.

"Nyumbani. Leo nimekuja kuuliza kama Lusubilo." Akatoa karatasi zilizokunjwa, akazilaza juu ya kibodi. Ilikuwa fomu iliyochapishwa, imejazwa yote kwa namba ya marehemu. Barnaba na Anastazia walikuwa wameshatia sahihi. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu. "Yule kijana wa stendi ana mkono mwepesi. Dakika arobaini tu. Kalamu niliishika, dada. Nikakumbuka nilichoambiwa siku ile kwenye mkeka. 'Tunakupa jina ili watoto wake wasiwe yatima.'"

Nikaziondoa karatasi juu ya kibodi. Akaendelea.

"Nikitia sahihi, hisa zinabaki za Yonathani, na Yonathani ni mimi. Siku nikifa mimi, wanangu watasema za baba yetu. Erica na mdogo wake nao watasema za baba yetu. Wote watakuwa wamesema kweli. Nani atakuwa na karatasi?"

Nikafungua kaunta buku la pili, ukurasa uliochakaa. Mwaka juzi nilimhudumia mjane wa Itaka mwenye kampuni ndogo ya kukoboa kahawa, na hatua zake zote zilikuwa pale. Nikamsomea Lusubilo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, tangazo, kuteuliwa msimamizi wa mirathi, kisha hisa kwenda kwa warithi, na yote hayo kuingizwa kwenye mfumo.

"Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo?" akauliza.

"Haitawahi. Miezi minne, pengine mitano."

Akapumua. "Mzee atanitafuna mbichi."

"Mlete tena. Na Erica aje."

Walikuja Jumamosi. Erica alikuwa ametoka zamu, bado na viatu vyeupe vya kazi. Alimpa baba yake mkubwa, Barnaba, mkono kwa magoti yaliyokunjwa, akamgeukia Lusubilo. "Shikamoo baba."

"Una shida gani leo?" Lusubilo akamwuliza, na hata Barnaba alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Nimeambiwa mnataka kugawa hisa," Barnaba akasema. "Mtoto wa kike akiolewa, mashine inakwenda kwa watu."

Anastazia akaweka mkoba chini. "Mimi niliolewa Nakonde, kaka. Mashine ilinifuata? Mwaka ule mota ilipoungua, nani alivuka mpaka na mota kichwani?"

"Haikuwa kichwani. Ilikuwa kwenye baiskeli."

"Basi kwenye baiskeli. Lakini ilivuka."

Barnaba akavua kofia, akaishika mapajani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Sikatai Erica apate. Sikatai na mdogo wake Angel, wala mama yao. Ninachokataa ni kuandika kwamba Yonathani amekufa. Nilisimama mbele ya watu nikasema hajafa. Sasa niende mahakamani niseme amekufa? Nitakuwa mtu wa maneno gani?"

Erica alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilikuwa na karatasi ya kumpa mzee. Nilitafuta kwenye kompyuta nakala ya barua ya yule mjane wa Itaka, nikafuta majina yake, nikaandika ya kwao, nikamgeuzia Barnaba skrini. Akavaa miwani. Akasoma kwa kidole, akitamka.

"Mimi, Lusubilo Dennis Simwanza, msimamizi wa mirathi ya marehemu Yonathani Simwanza, nasimama kwa niaba yake..." Akaishia hapo. Akarudi mwanzo, akasoma upya. "Nasimama kwa niaba yake."

"Ndiyo, baba. Huyu Lusubilo, kwa jina lake mwenyewe la kuzaliwa."

"Kwa hiyo serikali inajua mtu anaweza kusimama badala ya aliyetangulia?"

"Inajua. Inataka tu kuambiwa ni yupi, na watoto ni akina nani."

Akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Lori lilipiga honi barabarani, likapita.

"Sisi siku ile tulisema ni yupi," akasema mwishowe. "Watoto hatukuwaandika popote."

Lusubilo akaichukua ile fomu ya stendi, akaichana mara nne, akaitia kapuni. Erica akaomba kalamu na karatasi ya mistari, akaandika juu kabisa: Muhtasari wa kikao cha ukoo.

Ijumaa ikapita. Zile shule zilikwenda kwa kampuni nyingine, na kinu cha pili kikaendelea kulala. Nilipokutana na Barnaba sokoni alinisalimu vizuri, lakini hakusimama. Sikumlaumu.

Cheti cha kifo kilipatikana mwezi uliofuata. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama, likakaa siku zake, hakuna aliyepinga. Lusubilo akala kiapo. Kila walipomaliza hatua walipita dukani, nikaweka alama ya vema kwenye kaunta buku la tatu. Nilipotuma maombi BRELA mara ya kwanza yalirudi na hoja: nilisahau kupakia muhtasari wa kikao. Kosa lilikuwa langu. Nikawaambia hivyo, nikaliandika, nikatuma tena. Siku ya nne ujumbe ukaingia kwenye simu ya Barnaba akiwa shambani, na alikuja mjini na matope kwenye viatu kuuliza kama "imeidhinishwa" maana yake ni ile anayoidhania.

Nikamchapishia taarifa ya kampuni. Wanahisa: Barnaba. Anastazia. Tabita, mjane. Erica. Angel. Chini yao, wakurugenzi: Barnaba, Anastazia na Lusubilo. Hilo la Lusubilo kuwa mkurugenzi lilikuwa wazo la Barnaba mwenyewe, alilileta katika mwezi wa tatu wa shughuli hiyo bila kuulizwa.

Akapitisha kidole juu hadi chini.

"Na Yonathani?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo. Nikamwonyesha karatasi ya pili, ya mabadiliko ya hisa. "Zimetoka kwa: Yonathani Simwanza, marehemu. Atakayeuliza hisa hizi zilikotoka, atamkuta hapa."

"Hata miaka ijayo?"

"Faili halifutwi, baba."

Akaikunja ile ya pili peke yake, akaiweka mfukoni mwa shati. Ile nyingine aliirudisha kwenye bahasha ya kaki. Kisha akaomba nakala moja zaidi, ya sandukuni, kwa sababu mtandao ni mtandao na sanduku ni sanduku.

Maombi ya unga wa muhula mwingine yalifunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Walikuja siku hiyo hiyo, saa mbili, kabla sijamaliza kufagia. Erica alikaa karibu nami na vyeti vyake vimepangwa. Anastazia alileta maandazi ya Nakonde, akasema ya Tunduma ni hewa tupu. Lusubilo alisimama mlangoni ndani ya koti la kijivu. Mabegani lilikuwa limepunguzwa na fundi.

"Yonathani, sogea ndani, unaziba mwanga," Barnaba akamwambia.

Akasogea. Mfumo wa zabuni ukafunguka, ukauliza namba ya usajili wa kampuni. Erica akaisoma taratibu, tarakimu moja moja, nami nikaiandika. Barnaba aliinama juu ya bega langu, miwani mkononi.

Jina la kampuni likaja lenyewe.

"Endelea, binti," akasema.