Zamu za Kukohoa

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, akipembua majani ya kipumuzi kwenye ungo, wakati sufuria ilipokohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kutoka kifuani. Kifuniko kiliruka, kikarudi mahali pake. Mama alipunguza moto, akasubiri sufuria imalize, kisha akaiongezea maji.

Kipumuzi kilikuwa kichaka kifupi cha majani ya kijivu, kilichojiotea mlimani juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, na hakikukubali kupandwa katika bustani ya mtu. Maua yake yalituliza tumbo la mtoto, utomvu wake ulifunga kidonda, na mizizi yake ilitafunwa na wenye meno mabovu. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kifua. Mgonjwa alijifukiza kwa mvuke wake, amejifunika shuka gubigubi, na alipotoka humo alipumua kama aliyezaliwa jana. Makapi hayakumwagwa ovyo. Mama, kama mama yake kabla yake, aliyarudisha mlimani na kuyafukia kwenye shina lile lile alilolichuma, ili maradhi yasibaki nyumbani wala njiani wanapokanyaga watu. Katika jambo hilo hakuwa na mzaha.

Binti yake alijaza mifuko kiwandani, katika ukumbi ambamo watu hutambuana kwa sauti, kwa kuwa nyuso zote ni nyeupe. Tabibu wa kiwanda, mtu wa heshima zake asiyekuwa na dawa kabatini, aliwaelekeza wagonjwa kwa mama. Meneja naye aliamuru mama afunguliwe lango la machimbo wakati wowote atakapo. Mama aliona ametukuzwa, akawasimulia majirani. Jioni aliwatibu wafanyakazi, na asubuhi honi iliwaita wakiwa na vifua vipya.

Siku hiyo binti alijifukiza kama kawaida. Alipofunua shuka, kope zake zilikuwa nyeupe, na mabegani mwake palikuwa na vumbi la saruji lililoanza kuganda.

"Mama, dawa imechoka," alisema.

"Haijachoka. Inaumwa."

Mama alipanda mlimani kuhakikisha. Alilaza sikio penye mashina. Vikohozi vyote alivyovifukia vilikuwa humo: cha mpiga baruti, cha mchochea tanuri, na cha binti yake, ambacho angekitambua popote. Kabla hajafika chini, mlima wenyewe ulikohoa, na vikombe vikagongana makabatini mji mzima.

Watu walizoea upesi. Mlima ulikohoa kila jua lilipozama, na aliyekuwa akimimina chai alisubiri upite. Fundi viatu wa nyumba ya pili, ambaye hakukosa neno, alisema kwamba kwa umri ule hata yeye anakohoa, tena yeye hakuna anayemlipua.

Meneja alitaka kujua kama baruti ziendelee, akamtuma tabibu. Tabibu alipanda pamoja na mama, akaweka kipimo chake cha kusikilizia kifua juu ya mwamba.

"Vuta pumzi," aliuambia mlima.

Mlima ulivuta. Kule chini, nguo zote zilizoanikwa ziliinama kuuelekea.

"Toa."

Nguo ziligeukia upande wa pili, zimekuwa nyeupe.

Tabibu alikizungusha kipimo shingoni bila haraka. "Kifua kimejaa," alisema. "Lakini kazi unaiweza."

"Na mwanangu, daktari?"

"Naye nilimwandikia hivyo hivyo." Alisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Nilikuwa nakutegemea wewe, mama."

Mama alilitazama lango lililoachwa wazi pale chini, akaelewa kwa nini halikupata kufungwa mbele yake hata siku moja. Jioni hiyo hiyo baruti zilipigwa, mlima ukiwa katikati ya kikohozi.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni.

"Mwanangu, pumzika japo kidogo."

"Nikipumzika mimi, mama, nafasi yangu haitapumzika." Binti alifunga kitambaa kichwani, akampita mama yake kwa adabu, akaenda.

Alikwenda hivyo mpaka miguu ilipokataa, na kitanda chake kikasogezwa dirishani. Hapo yeye na mlima walikohoa kwa zamu. Mmoja alipoanza, mwingine alisubiri amalize, kama watu waliolelewa vizuri wanavyozungumza. Fundi viatu alisema laiti yeye na wakwe zake wangesikilizana hivyo. Mama aliketi kando ya kitanda na kikombe cha maji ya moto matupu, maana kipumuzi nacho kilikuwa kinaumwa, na hakukuwa na kingine cha kuchemsha.

Jioni moja mlima ulikohoa, ukasubiri. Waliokuwa wakimimina chai nao walisubiri, mabirika mikononi. Mlima ulisubiri mpaka maji yakapoa katika kikombe cha mama. Kisha ukaikohoa zamu ya pili wenyewe, kwa kikohozi kile ambacho mama angekitambua popote.

"Pole, mwanangu," mama alijibu, akiwa ameelekea dirishani. Halafu aligeuka, akalivuta shuka, akalinyoosha vizuri mpaka juu ya uso.

Asubuhi honi ililia kwa wakati wake. Mbele ya mashine ya mifuko jina la binti liliitwa, na sauti nyingine ikaitikia.