Meza Iliyosajiliwa

Saa tano kasorobo karani wa usajili alifuta kioo cha mashine kwa ncha ya tai yake, akamwambia Mrina abonyeze tena kidole gumba. Mrina akabonyeza. Mashine ikaguna kama ilivyoguna mara tisa za mwanzo.

"Mama, huna alama za vidole," karani alisema. "Kwa mashine hii, wewe hupo."

"Nipo. Nimesimama hapa tangu saa moja."

Vidole vyake vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kwa watu wake, warina asali wa msituni, hilo halikuwa jambo la kusimulia. Mtoto akirithi mti wake wa kwanza huupanda na kuuachia alama za kidole kimoja, na kila mti unaofuata huchukua za kingine, hadi mtu mzima abaki na mikono mitupu na miti kumi inayomjua. Utaratibu mzuri, ila aliyeuanzisha hakuwahi kuiwazia serikali.

Miaka miwili nyuma askari waliwatoa kwa marungu na kuchoma nyumba zao, eti msitu upumzike. Ukapumzika wiki moja, kisha yakaja malori ya magogo. Sasa ofisi ilikuwa imetangaza kwamba wenyeji halisi wajiandikishe, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asipoandikwa hata mmoja, msitu ungehesabiwa hauna wenyewe. Ijumaa ndiyo leo, na ndugu zake wote walikwisha kukataliwa. Alibaki yeye.

"Nipeleke kwa mkubwa wako," alisema.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kusikiliza, hasa kamera zikiwepo. Ukutani alikuwa ametundika cheti alichopewa kwa kutetea haki za wenyeji wa asili. Hakuwahi kumkaribisha mmoja wao kiti, na leo pia hakuona haja ya kuanza. Mbele yake palikuwa na meza mpya, ya ubao mmoja mpana.

Mrina aliweka viganja juu yake. Meza ikaanza kutoa asali taratibu kwenye pembe zake.

"Huu mti niliachiwa na mama," alisema. "Kidole gumba changu hicho hapo."

Mkurugenzi akavaa miwani. Katikati ya ubao palikuwa na alama za kidole, na kovu la kisu ambalo Mrina alilipata akiwa na miaka tisa.

"Kweli kabisa," alisema. "Lete mashine."

Karani aliigeuza mashine kifudifudi juu ya meza. Safari hii haikuguna. Ililia kwa furaha, ikapiga picha ya droo, ikatoa kitambulisho chenye jina la ukoo wa Mrina. Mrina akanyoosha mkono kukipokea. Mkurugenzi akakivutia upande wake.

"Mama yangu, sheria ni msumeno. Mwenye alama ndiye mwenyeji, na mwenye alama ni meza."

"Meza ni mimi."

"Meza ni ya ofisi," alisema, kwa huzuni aliyokuwa ameifanyia mazoezi vizuri.

Karani aliandika kwenye taarifa: wenyeji waliosajiliwa, mmoja; malalamiko, hakuna. Saa sita ikatimia, akafunga daftari.

Mkurugenzi akatoa kibali cha kukata miti yote iliyobaki. Kilihitaji ridhaa ya mwenyeji, naye akasaini kwa niaba ya meza. Karatasi ikanasa kwenye asali, ikabidi karani aibandue kwa rula. Mrina aliijua miti yake tisa, kila mmoja na kidole chake, akaitaja mmoja mmoja kwa sauti. Hakuna aliyeandika.

Mkurugenzi alipitisha kidole kwenye pembe ya meza, akakilamba, akafumba macho.

"Asali ya watu hawa haina mfano," alimwambia karani, Mrina akiwa bado amesimama mbele yao. "Sijui walikwenda wapi."