Wiki Moja Bonaire

"Hii ni bei ya Bonaire, mtu mmoja katika chumba cha watu wawili," alisema Bi Ivelisse, akiigonga karatasi kwa ukucha wake mwekundu.

"Na mimi ni mtu mmoja," alisema Eladio.

"Ndiyo, mzee wangu, lakini huna wa pili. Kwa hiyo unaongeza."

"Naongeza?"

"Kitanda cha pili si kitalala kitupu? Mwenye hoteli naye ale wapi?"

Eladio aliisoma tena ile karatasi. "Kwa hiyo wakubwa wa serikali wameniachia kitanda kitupu, na hoteli inanitoza kwa kuwa ni kitupu. Mmepangana vizuri."

Ivelisse alianza kucheka, akauona uso wa mteja wake, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hakuwa mwanamke mbaya. Ofisi yake ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate, pale Yauco, na kuta zote nne zilikuwa bahari: bahari ya Cayman, bahari ya Cozumel, kasa wa Roatán akiwa mkubwa kuliko dirisha.

"Chukua Roatán," alijaribu. "Kwa hela hii unakaa siku nyingi zaidi, na unarudi na chenji."

"Si Roatán."

"Basi Cozumel."

"Cozumel mkondo unakuzoa. Huna pa kusimama."

"Kumbe unavijua hivi visiwa!"

"Navijua vyote," alisema Eladio. "Sijafika hata kimoja."

Kazi ya Eladio Irizarry, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ilikuwa kujaza hewa. Kule La Parguera, nyuma ya duka la Chago la wapiga mbizi, palikuwa na banda la mabati, ndani ya banda kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na mbele ya kompresa beseni kubwa la maji ambamo mitungi ilisimama ikijazwa ili isipate moto. Kujaza kunataka subira. Ukikimbilia, mtungi unachemka, mshale wa kipimo unakudanganya kuwa umejaa, halafu ukipoa mtoto wa watu anajikuta amepunjwa pumzi huko chini. Eladio hakukimbilia. Wageni waliondoka na mashua wakiwa wamebeba mgongoni hewa aliyowafungia yeye, wakarudi wakipayuka juu ya papa na kasa, wakaacha mezani vipeperushi vyao vya visiwa vingine. Yeye hakuwahi kutumbukia. Jumapili, siku ambayo angeweza, alikuwa na mke wa kumwogesha.

Mapafu ya mke huyo, Migdalia, yalikuwa yamechakaa. Kiwanda cha nguo kilichomlia ujana kilifungwa bila kumwachia kitu isipokuwa kikohozi. Mashine ya oksijeni ilikaa sebuleni, ikimpelekea pumzi kwa mrija mrefu hadi puani, na pale mrija ulipoishia ndipo nchi yake ilipoishia: jikoni, kitandani, barazani, basi. Jioni Eladio alimtandazia vile vipeperushi mapajani, wakachagua safari.

"Cayman?" Migdalia aliuliza.

"Kisiwa cha mabenki. Kule hata samaki wanavaa tai."

Migdalia alicheka mpaka ikabidi Eladio amshike mgongo. Aliyechagua Bonaire ni Migdalia mwenyewe. Huko hakuna mashua ya kupanda wala ngazi ya kushuka. Unakodi gari la mizigo, unapakia mitungi nyuma, unafuata barabara ya pwani hadi uone jiwe lililopakwa rangi ya njano, alama ya mahali pa kuzamia, unasimamisha, unaingia majini kwa miguu yako.

"Halafu kule chini," alisema, "kila mtu ana mrija mdomoni. Nani ataniuliza nina nini?"

Waliipigia hesabu kweli, haikuwa mchezo: chumba, gari, mitungi, ada ya hifadhi, ndege. Kila walipokaribia kuelewana na ile hesabu, bili ya umeme ilikuja ikawarudisha nyuma.

Kisha kikaja kimbunga. Umeme ukaondoka na nguzo zake, na wakubwa wakaingia redioni kusema subirini. Watu wakasubiri wiki, wakasubiri mwezi. Eladio akaazima jenereta, akawa analala kwenye foleni ya petroli. Jirani mmoja alimwuliza, "Lakini wewe si una mitungi tele kazini?" Ilikuwa hewa tu, ile ile iliyokuwapo barazani bure. Hata hivyo alileta mmoja, akaufungua taratibu mbele ya uso wa mke wake. Migdalia akafumba macho. "Upepo wa Bonaire," alisema. Haukumsaidia kitu. Krismasi ilimkuta kaburini.

Waliomwandikia cheti cha kifo waliandika ugonjwa. Wakubwa wakawahesabu waliokufa kwa kimbunga, na Migdalia hakuwemo, utadhani alfajiri aliyokufa taa zilikuwa zinawaka. Eladio aliuza gari lake akamzika. Akaanza kuzunguka madirisha ya ofisi akidai gharama zake, dirisha hili likimtuma kwa lile, mpaka makarani wakawa wanamjua kwa kofia yake. Miaka ikapita. Mwaka huu, bila samahani wala salamu, hundi ya gharama za maziko ikaletwa na posta, kama vile mtu anavyomtupia mwenzake chenji aliyoisahau.

Nereida, dada wa marehemu, alipojua hundi inakwenda wapi, aliweka chini mwiko.

"Hela ya maziko ya dada yangu unaenda kuiogelea?"

"Dada yako alishazikwa, shemeji. Nilimzika kwa gari langu."

"Na paa? Mpaka leo una turubai la bluu juu ya kichwa, Eladio! Mvua ikinyesha unahamahama na kitanda kama paka na watoto wake."

"Nimewaandikia. Waje waone walivyoniacha."

"Nani aje? Hao unaowaita wakubwa hawajui hata kama uko hai."

"Ndiyo maana hela yao siitii kwenye nyumba. Nikiitia kwenye paa, watasema wametengeneza paa. Nikinunulia kaburi jiwe, watasema wamemzika. Naitia majini. Alikotaka yeye."

Nereida aliuchukua tena mwiko. Kisha akampakulia wali na mbaazi, akaisukuma sahani kwa nguvu. "Kula basi, kichwa ngumu. Papa asije akakuta mifupa mitupu."

Kwa hiyo pale Yauco, mbele ya Ivelisse na bahari zake, Eladio alitoa kianzio akaongeza na cha kitanda kitupu. Kilichobaki kilipwe Ijumaa kabla ya saa sita. Kisipolipwa, nafasi inapotea na kianzio kinakwenda nayo.

"Cheti cha kuzamia unacho?" Ivelisse aliuliza akiandika stakabadhi. "Bila hicho hawakupi mtungi."

"Nitakuwa nacho."

Aliyemfundisha ni Yaritza, binti wa Chago. Jumanne asubuhi walimvika vazi la mpira lililombana tumbo, wakampa mtungi alioujaza yeye mwenyewe jana yake. Chago alisimama gatini na kikombe cha kahawa, anacheka.

"Jamani njooni muone! Leo mpishi anakula chakula chake!"

"Akifa tutajua ni sumu," alisema nahodha wa mashua.

"Waache, mzee," alisema Yaritza. "Niambie, kanuni ya kwanza ni ipi?"

Alikuwa akiisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa bati, wageni wakifundishwa. "Usizuie pumzi."

"Hata?"

"Hata kidogo."

Waliingia mahali maji yanapofika kifuani, kando ya mikoko, palipo na mchanga mweupe. Eladio alitia kinywa cha mpira cha kupumulia kati ya meno, akapiga magoti, na maji yakajifunga juu ya kichwa chake.

Akasikia.

Akivuta pumzi, kitu kilinong'ona na kugonga kidogo. Akitoa, kikakoroma. Kikanong'ona, kikagonga, kikakoroma. Hakutazama samaki wadogo wa njano waliokuja kumchungulia magoti. Alikuwa kitandani mwake, mlango wa sebuleni uko wazi, na kule sebuleni, alikolala Migdalia, mashine yake inafanya kazi. Sauti ni ile ile. Mwendo ni ule ule. Mabega yake yakashuka. Tangu kimbunga hakuwa amelala usingizi wa mtu aliyeshiba, na sasa, akiwa amepiga magoti chini ya maji mbele ya binti wa bosi wake, usingizi ule ulikuja ukamshika shingo kwa upole. Kumbe Migdalia yupo. Kumbe mashine inaendelea tu.

Akatulia ili aisikilize vizuri zaidi. Na alipotulia, ikazimika.

Alfajiri ile Migdalia alipokufa, kimya ndicho kilichomwamsha. Petroli ilikuwa imeisha, jenereta imenyamaza, na kabla hajafungua macho alikuwa ameshajua. Alikimbia sebuleni akigonga viti. Mkono wa Migdalia ulikuwa umeushika mrija, ameuvuta kuelekea kwake, kama mtu anayevuta kamba ya kisima.

Eladio aliruka juu akakohoa maji.

"Umezuia pumzi!" Yaritza alikuwa amemshika kola. "Mzee Eladio! Ungekuwa chini zaidi, mapafu yangepasuka! Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Turudi."

Walirudi. Ikanong'ona, ikagonga, ikakoroma, na mabega yake yakashuka, na usingizi ukaja. Naye akajiambia usisikilize, pumua tu, Eladio, pumua kama wageni wanavyopumua. Lakini mtu atawezaje kutosikiliza? Alizuia pumzi kidogo tu, ahakikishe bado ipo, na haikuwepo.

Walijaribu hata Yaritza akaanza kutetemeka kwa baridi. Mwishowe alimvua mtungi mgongoni yeye mwenyewe, akauweka ngazini. Hakumtazama usoni.

"Siwezi kukupa cheti, mzee. Nikikupa, nitakuwa nimekuua."

"Kesho tena."

"Tunaweza. Lakini wewe mwenyewe, unadhani kesho utafanya nini?"

Eladio alianza kujivua vazi la mpira. Pale gatini hakuna aliyecheka tena. Chago alimletea taulo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfanyakazi wake yeyote.

"Nenda tu," Chago alimwambia baadaye, wakiwa wamekaa kwenye kreti mbele ya banda. "Kaa mchangani. Kunywa bia yako. Tia miguu majini."

"Nikae juu ya jiwe la njano nikiwaangalia wenzangu wawili wawili wakiingia?"

"Basi dai kianzio chako."

"Hakirudi."

"Umeliwa, ndugu yangu."

"Nililiwa zamani, Chago. Huu ni mfupa tu."

Nereida alisikia, maana La Parguera ni ndogo. Alhamisi alikuja na chungu cha mchuzi, akakaa chini ya lile turubai la bluu bila kulitaja. Wakati wa kuondoka alisema akiwa ameshampa mgongo, "Shemeji, ungeenda hata hivyo. Mmoja wenu angekuwa amefika." Eladio alimsindikiza hadi kwenye kona. Hela iliyobaki ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa, na alitembea akiwa ameishika kwa juu kama mwenye maumivu ya kifua.

Ijumaa kulikuwa na kundi la wageni kutoka Chicago, wote na mitungi yao, wote na haraka zao. Kompresa ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Eladio alikuwa ameinama juu ya beseni, mkono mmoja kwenye valvu, mwingine kwenye bomba, mshale ukipanda polepole kama alivyoutaka upande. Kwenye meza ya bati, karibu na kiwiko chake, simu ikaanza kutetemeka. Jina la Ivelisse liliwaka kwenye kioo. Jua lilikuwa karibu kusimama utosini; saa sita ya malipo ilikuwa inafika.

"Eladio!" Chago alipaza sauti kutoka dukani. "Simu yako!"

"Naisikia."

Mtungi ulikuwa haujafika hata nusu. Mkono mmoja ungeweza kuachia. Bomba lisingekwenda popote. Simu ilinyamaza, ikapumzika kidogo, ikaanza tena, na kila ilipolia ilijisogeza juu ya bati, inchi baada ya inchi, kuelekea ukingoni, na Eladio akawa anaitazama inavyokwenda, mikono yote miwili ikiwa palepale.