Gunia la Ijumaa

Kila Ijumaa, gunia moja lilikuwa la Mungu. Mungu hakuwa ameliomba. Aliyeliomba kwa niaba yake ni Mzee Mogire, mwenye shimo la dhahabu kule Masara na mzee wa kanisa asiyekubali kukaa popote ila kiti cha mbele. Alisimama Jumapili moja akatangaza kwamba Mwinjilisti Eucabeth amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika seminari moja huko Homa Bay, na kwamba karo yake ingetoka shimoni. Vijana wangemaliza kazi yao, kisha warudi chini kupandisha gunia moja la mawe, bila malipo, kwa ajili ya kazi ya Bwana. Kanisa lilipiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale ambao hawakuwahi kushuka shimoni maishani mwao.

Eucabeth alilia kwa furaha siku ile. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa kanisa lile kupelekwa kusoma kiasi hicho. Mwaka mzima alihangaika na Kigiriki cha Agano Jipya mbele ya dirisha linalotazama ziwa, na karo ikafika kila muhula kabla hajadaiwa. Hakuuliza mawe yale yalichimbwa vipi. Anayesaidiwa hutakiwa kushukuru, si kupekua, na Eucabeth alikuwa hodari wa kushukuru.

Sasa Maroa, mmoja wa vijana wa shimoni, alikuwa amekufa. Shimo lilimfukia jioni ya Ijumaa, akichimba gunia la kanisa. Eucabeth aliitwa kutoka Homa Bay aje kuhubiri mazishini kwa sababu, kama Mzee Mogire alivyosema kwenye simu, watu wangependa kumwona yule waliyemsomesha.

Alipofika nyumbani kwa marehemu, Onchiri, aliyekuwa akichimba pamoja na Maroa, alimvuta nyuma ya hema. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji hadi kiwikoni.

"Mtumishi, walikuambia tulikuwa tunatoa wapi hilo gunia?"

"Shimoni."

"Shimoni wapi?"

Hakujua. Onchiri akamweleza. Mle chini kila kundi lina upande wake wa mwamba, na hakuna lililokubali upande wake upunguzwe. Mzee Mogire naye hakutaka fungu lake liguswe. Kitu pekee kisichokuwa na mwenyewe ni nguzo, ule mwamba ulioachwa katikati ili ushikilie dari. Basi gunia la kanisa likawa linamegwa pale, kidogo kidogo, Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Maroa alimwambia mzee, hii nguzo imekonda. Mzee akasema shimo linalomlisha Mungu haliwezi kuanguka. Na sisi tukaamini, Mtumishi. Si ilikuwa ya kanisa?"

Eucabeth alitamani Onchiri anyamaze. Hilo ndilo lililompitia moyoni kwanza, kabla ya huruma na kabla ya hasira. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, na mtu huyu alikuwa akimharibia.

Mzee Mogire aliwakuta pale pale. Onchiri akaondoka bila kuaga.

"Umefika salama? Vizuri," alisema mzee. "Leo utasema ameanguka akimtumikia Mungu. Mama yake atafarijika. Hiyo maneno ya nguzo Onchiri anazunguka nayo, uwachane nayo. Ilikuwa mvua. Karo ya muhula ujao nimeshaitenga."

"Ilikuwa mvua kweli, mzee?"

"Mtumishi, wewe umesomea Biblia. Mimi nimesomea shimo."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Eucabeth kuliko kitu chochote. Aliposimama kuhubiri, mahubiri aliyoyaandaa juu ya sadaka yalimkauka kinywani. Mbele yake kulikuwa na jeneza, na kando ya jeneza Priscah, mama yake Maroa, ameketi mkekani na miguu ameinyoosha, hatazami mtu.

"Maroa hakuuawa na mvua," alisema Eucabeth. "Gunia la kanisa lilikuwa likikatwa kwenye nguzo ya shimo. Nguzo ile ndiyo iliyonisomesha. Mzee Mogire alijua imekonda. Mimi sikujua, kwa sababu sikutaka kujua."

Minong'ono ilizagaa hemani. Mzee Mogire aliinuka, akavaa kofia yake, na wazee wawili wakamfuata.

"Basi gunia limekwisha," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Karo mwambieni Onchiri alipe."

Walimzika Maroa bila wao. Eucabeth alirusha udongo wake kaburini, na aibu iliyoje, alijihisi mwepesi. Alikuwa amepoteza seminari, lakini alisimama upande ulio sawa. Watu walipotawanyika alimwendea Priscah, akapiga magoti mkekani.

"Mama, nisamehe."

Priscah alikunja miguu yake, akamgeukia.

"Hiyo shule ulikuwa umebakiza nini?"

"Mwaka mmoja."

"Na sasa?"

"Sasa basi, mama. Nimeiacha kwa ajili ya Maroa."

"Kwa ajili ya Maroa." Priscah aliyarudia maneno polepole, kama anayeonja chakula anachokishuku. "Yeye alikuomba uiache?"

Eucabeth aliinama, akakung'uta udongo wa kaburi viganjani.

"Watu wakiniuliza kijana amekufia nini, nawaambia amekufa akisomesha mtu. Wananyamaza. Hata mimi nanyamaza, napata usingizi kidogo. Leo umesimama hapa ukaninyang'anya hiyo pia. Wewe umetua mzigo wako. Umeutua kwa nani?"

"Nilisema ukweli, mama."

"Ukweli nilikuwa nao. Onchiri aliniambia siku ile ile."

Eucabeth alikuwa amejiandaa kusamehewa, na amejiandaa pia kufukuzwa. Hili hakulitarajia. Priscah aliegemea nguzo ya hema, akainuka kwa tabu, akakaza leso kiunoni na kuanza kutafuta malapa yake miongoni mwa viti.

"Simama. Twende kwa Mogire ukamwombe msamaha."

"Mama, siwezi. Yeye ndiye aliyem—"

"Najua yeye ndiye nani. Utampigia magoti kama ulivyonipigia mimi. Na mimi nitapiga. Utarudi Homa Bay, utamaliza."

Alivaa malapa, akatangulia. Alipita kando ya kaburi bichi bila kugeuza uso, akafika kwenye ua wa miti, pale njia inapoelekea kwa Mogire. Hapo akasimama, mgongo ameuelekeza kwa Eucabeth, akangoja.