Chupa Yenye Kichwa cha Ng'ombe

Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani linakuja. Lile la mvulana wa El Seibo, mji wa jirani, lilimkuta Deyanira mbele ya karai la mafuta, anakaanga yaniqueque zake, chapati nyembamba za mafuta anazouza, na tangu hapo halikumtoka. Wa kwanza alisema mvulana amekufa. Wa pili akasema hapana, amekatwa mguu. Wa tatu, mwendesha pikipiki, akaapa kwa mama yake kwamba ni paja tu limevimba na mtoto yuko kitandani. Kila mdomo ulikuja na mwisho wake. Jambo moja tu halikubadilika: kocha wake alikuwa akimdunga dawa ya ng'ombe ili ajae misuli, wasaka vipaji wa timu za besiboli za Marekani wampende.

"Hayo ni ya El Seibo," alisema dada yake, Nurys. "Hapa Hato Mayor mwanao yuko kwa Ovidio. Ovidio si wetu?"

Kweli alikuwa mtu wao. Ovidio, kocha wa vijana, ndiye aliyemshika mtoto wake, Eliander, kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku ile yeye na Deyanira wakaitana kompadre na komadre, maneno ambayo kwao yana uzito kupita undugu wa damu. Kwa hiyo mtoto alipotimiza miaka kumi na mitatu, Ovidio akaja kusema, "Komadre, huyu ana mkono wa kurusha, nipe nimlee," Deyanira alimpa. Eliander akaacha shule, akahamia kambini kwa Ovidio pamoja na vijana wengine. Kazi yao kurusha, kugonga na kukimbia, kutwa. Akifika miaka kumi na sita timu ingemsaini, na Ovidio angekata fungu lake kwenye fedha za saini. Ndivyo wote wafanyavyo. Nani anampelekea kompadre mtoto halafu anamhoji?

Jumapili Eliander alikuja nyumbani kula sancocho. Alikuwa na miaka kumi na mitano sasa, na shingo kama ya ndama aliyenona. Shingo ile Deyanira alikuwa akijivunia mtaa mzima. Akampakulia mihogo, ndizi na nyama ya mbuzi. Mtoto akakaa, lakini alikaa upande: kalio moja kitini, jingine hewani.

"Kaa vizuri. Una nini?"

"Nimekaa, Mama."

"Umekaa nusu. Nusu nyingine unamwekea nani?"

Nurys akacheka. Eliander hakucheka. "Ni sindano ya vitamini. Kila Ijumaa. Wote tunadungwa."

"Vitamini gani?"

"Vitamini! Kwani mimi daktari?" Akasukuma sahani, mchuzi ukamwagika mezani. Mtoto huyu, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata paka! "Au unataka nibaki hapa nikaange unga na wewe?"

Deyanira akachukua kitambaa, akafuta meza. Hakusema kitu. Lakini kwenye kile kiti alikuwa akimwona yule mvulana wa El Seibo.

Asubuhi yake alikwenda kambini na yaniqueque za moto. Vijana walikuwa wameshatangulia uwanjani, maana siku hiyo msaka vipaji wa timu kubwa alikuwa anakuja kuwatazama. Mpishi hakumzuia, mama wa mtoto, na mkono wake si mtupu. Deyanira akafungua friji anywe maji. Kwenye mlango wake, kando ya maziwa, palikuwa na chupa ya kahawia, na kwenye karatasi yake kichwa cha ng'ombe dume, pembe na vyote. Hato Mayor ni mji wa mifugo. Chupa ile hata mtoto mdogo anaijua, inauzwa duka moja na kamba na chumvi ya kulambwa na ng'ombe.

Akaitia kwenye mfuko wa aproni, na sindano mpya ambayo haijafunguliwa. Kisha akabeba kiti cha plastiki cha mpishi, akashika njia ya uwanjani.

Wazazi walikuwa wamejaa kwenye uzio, wengine wamevaa nguo za kanisani. Msaka vipaji, jina lake Rolando, mtu wa mjini mwenye kofia safi, alikuwa amesimama na saa mkononi, kwa sababu jambo la kwanza wanalolipima ni mbio. Mistari ya chokaa ilikuwa imechorwa upya. Eliander ndiye wa kwanza, ameshainama anangoja. Deyanira akaenda mpaka katikati ya njia yake, akatua kiti, akakaa. Makalio yote mawili.

"Komadre!" Ovidio alikuja mbio, tabasamu limemganda usoni. "Umepotea? Jikoni ni kule."

"Sijapotea. Hiyo miguu mnayoipima niliizaa mimi. Nimekuja kuitazama."

"Toka hapo, mama!" sauti ikatoka kwenye uzio. "Na sisi tuna watoto!"

"Mchawi wa mwanawe mwenyewe!"

Nurys naye alikuwepo, mikono kichwani. "Deya, unaichoma nyumba ambayo hata hatujaijenga!"

Deyanira akatoa chupa, akaiinua juu. "Kompadre, hii ni nini?"

"Vitamini, komadre. Ya kujenga mwili."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi legeza mkanda."

Uzio mzima ukaangua kicheko. Deyanira akachana karatasi ya sindano. "Umekonda, kompadre, na mimi nakuonea huruma. Geuka nikupe yako. Ukiipokea hapa mbele za watu, nabeba kiti changu, nakuomba radhi kwa magoti."

Ovidio akaitazama sindano. Akawatazama watu. "Hii... hii si ya watu wazima."

"Kwani ng'ombe ana miaka mingapi?" aliuliza mzee mmoja, na safari hii aliyechekwa alikuwa Ovidio.

Rolando akakohoa. "Ovidio, mimi hiyo chupa sijaiona. Nikiiona, huyu mtoto siwezi kumpima. Leta mwingine."

"Wewe nawe!" Deyanira akamgeukia. "Mwaka jana ulimtazama huyu, akiwa mwembamba kama ufito. Leo ana mapaja ya fahali, umefurahi, hukuuliza amekula nini. Embe la sokoni unalinusa kabla ya kununua. Mtoto wangu hukumnusa?"

Rolando akatia saa mfukoni.

Ndipo Eliander alipokuja mbele ya kiti. "Mama, inuka. Nakuomba. Unaniua mbele za watu."

Hapo Deyanira alitaka kuinuka. Watu wote wale wangemzomea hadi jioni asisikie, lakini sauti ile ilimwingia. Miaka miwili mtoto alikuwa ameisubiri njia ile ya chokaa, na yeye ndiye aliyeiziba. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Kimbia ukitaka," akasema. "Lakini utaniruka mimi."

Uwanja ulikuwa mpana, angeweza kupita pembeni. Eliander akavua kofia, akaitupa chini, akatoka. Hakuelekea kambini. Alishika njia ya nyumbani, na mama yake nyuma, kiti cha watu kichwani.

Daktari wa hospitali alimpima, akasema mmewahi. Rolando hakurudi kumuulizia. Kwa muda mrefu Eliander alikula amempa mama yake mgongo. Amerudi shule, anakaa na watoto wadogo kwake, wanamwita Babu. Jioni anarusha mpira ukutani, ko, ko, ko, mpaka majirani wanalalamika, na Deyanira hamkatazi. Mkono ni wake. Kama kuna timu inautaka, ije iuchukue ulivyo. Jumapili moja alivuta kiti, akakaa kitako sawasawa, akasema, "Mama, niongeze mchuzi." Akaongezewa.

Ovidio aliwakataza watu wasinunue yaniqueque za Deyanira. Naye akahamisha karai lake, akaliweka kwenye lango la uwanja wa Ovidio. Hakuna anayeingia na mtoto pale bila kupita kwenye moshi wake. Wale mama waliomzomea sasa wanakuja mmoja mmoja, wananunua moja, wanachelewa kuondoka, wanauliza kwa sauti ya chini. Yeye anajibu kwa sauti kubwa, Ovidio asikie:

Usimpe mtu mtoto kwa sababu tu ni kompadre.

Usikubali sindano ambayo chupa yake hujaishika mkononi mwako.

Usimtoe shule kwa ahadi ya mdomo.

Usikubali kambi ambayo mama haingii mpaka aombe ruhusa.

Usikubali wampunguzie miaka ili timu impende. Siku uliyomzaa unaijua wewe.

Usikope friji wala bati kwa saini ambayo bado haijatiwa.

Usisifu shingo nene kabla hujauliza imenenepeshwa na nini.

Akikaa upande, usifute meza ukanyamaza.

Usiogope kuzomewa.