Kufuli la Réjean

Mtu anayekuambia haogopi kuingia kwenye shimo la mawe ya nikeli ni mwongo, au hajaingia. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Sudbury, Kanada, mwaka wa kumi na moja huu, na bado kila nikishuka mle naogopa.

Mawe humwagwa humo kupitia lango la juu, yakangoja kupandishwa nje. Yamekwangua kuta hadi mabamba ya chuma yametoboka. Kwa hiyo shimo likiwa tupu, mimi na mwenzangu Réjean Thibodeau tunaning'inia kwa kamba, tunachomelea mabamba mapya. Juu ya vichwa vyetu kuna lango, na nyuma ya lango mawe yamejaa.

Sheria ni moja: kila anayeingia hufunga kufuli lake mwenyewe kwenye mpini wa lango, ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Kufuli lako likiwepo, hafungui mtu, hata bosi.

Jumatatu Réjean alinirushia lake.

"Aili, binti yangu, nifungie na langu. Ngazi arobaini zile za langoni, magoti haya hayataki."

"Magoti yako mazee kuliko wewe."

"Yamefanya kazi kuliko wewe. Nenda."

Nikayafunga yote mawili, na funguo zote mbili nikazitia mfukoni mwangu.

Zamu ilipokaribia kwisha nilimwona Réjean amezima moto wake, nikajua anafuata nyuma. Nikapanda nikiwaza supu yangu ya njegere. Lorne, dereva wa mashine ya mawe, alikuwa anasubiri langoni amwage mawe.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Nikafungua kufuli langu, kisha la pili, kama mtu anavyovua viatu. Lorne akashika mpini, akaanza kuuvuta.

Ndipo nikaiona kamba ya Réjean. Ilikuwa bado imefungwa kwenye pete ya mdomo wa shimo, chini yetu, imekazika, inatikisika.

Nikajitupa juu ya mpini kwa uzito wangu wote, lango likarudi. Jiwe moja la ukubwa wa mkate lilikuwa limeshapenya. Tulilisikia likigonga chuma, likagonga tena, kisha kimya. Sijawahi kuogopa kimya namna ile.

"Nani anatupa mawe huko?" Réjean aliuliza kutoka chini. "Nabadilisha fimbo ya kuchomelea tu. Bado kona moja."

Lorne akaketi sakafuni. Mimi nikalirudisha kufuli la Réjean kwenye mpini.

Asubuhi Réjean alinirushia kufuli tena. "Nifungie, binti."

Nililiacha lianguke. "Panda mwenyewe, mzee. Jana nilikufungulia ukiwa ndani. Lile jiwe lilikuwa langu."

Réjean akaokota kufuli lake, akapanda, akipumzika kila ngazi ya tano. Niliposikia limefunga, nilishusha pumzi.

Aliporudi aliniomba nimwonyeshe ufunguo wangu, ahakikishe uko mfukoni. Kisha tukashuka. Tangu nimwambie ukweli ule, mpaka leo hajaniita binti tena.