Wimbo wa Tai

Hasira ya Bi Ernestine haikuanza siku ya karamu. Ilianza alipokufa binamu yake Marlene, naye akamwita Darcy, mwana wa marehemu, akamwambia siku ya karamu ya kuweka jiwe la kaburi yeye ndiye atakayeimba. Wimbo ni mali ya ukoo wa Tai, na kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa mama, Darcy ni Tai. Ernestine mwenyewe ni wa ukoo wa pili, Kunguru, asiye na haki ya kuuimba. Aliusikia kwa baba yake, aliyekuwa Tai, akautunza kama amana. Akamwambia aje afundishwe.

Darcy akaitikia vizuri, kisha hakuja. Mara ana watalii baharini, mara injini imekufa, mara mvua. Mvua! Hapa Skidegate, kisiwani kusikokauka, mvua imekuwa udhuru tangu lini? Wageni wa kuvua salmoni walipata alfajiri zake zote, mama yake aliyemzaa akakosa hata jioni moja. Na lugha yenyewe ya wimbo, lugha ya wazee wao, Ernestine aliichapiwa mkanda shule ya bweni ya wazungu walioikataza, akatoka nayo hivyo hivyo. Leo anaigawa bure, mpokeaji hana nafasi! Mwisho akakubali kurekodiwa akiuimba na walimu wa nyumba ya lugha, inakofundishwa lugha hiyo, kwa sharti kwamba Darcy ajifunzie kwenye rekodi hiyo.

Siku ya karamu ukumbi ulifurika. Darcy akasimama mbele na suti yake, akashukuru watu, kisha akatoa simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Ikatoka sauti ya Ernestine. Kunguru anaimba wimbo wa Tai, kwenye karamu ya Tai, na Tai wenyewe wamekaa wanakula! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akashika fimbo, akavuka ukumbi, akaichukua ile simu na kuitumbukiza kwenye bakuli la supu ya samaki.

"Mama mkubwa, simu yangu," Darcy akasema taratibu.

"Mama yako umemletea simu ndiyo imlilie? Imba."

"Siujui wote."

"Imba unapojua."

Akaimba mstari mmoja, akakwama. Ernestine ulimi ulimwasha, lakini wimbo haukuwa wake. Basi akayatamka tu maneno ya mstari wa pili, polepole, bila kuimba. Darcy akayaimba. Alipokosea alirudishwa, mbele za watu. Wazee wa Tai waliinamisha vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia, na hilo ndilo lililomchoma Ernestine kuliko simu. Wakaenda hivyo mpaka mwisho, Darcy machozi yanamtiririka, macho hayabanduki mdomoni mwa bibi huyo.

Alipomaliza akataka kumkumbatia. Ernestine akamzuia kwa fimbo.

"Nina miaka themanini na nne, Darcy. Jiwe langu likiwekwa, nani atakutajia maneno?"

Darcy akafuta machozi kwa mkono wa suti.

"Kesho uje, na dada zako uje nao. Watalii wako watangoja."

Ernestine akarudi kwenye kiti chake, akaomba aletewe bakuli jingine la supu.